Sini moja, njia mbili: ulinganisho kwa anayeanza kushuti

Sini, yaani tukio moja la filamu, ni hii. Asubuhi, ukumbini kwenye nyumba ya Kiswahili mjini Tanga. Mama amekaa mkekani, anachagua mchele kwenye ungo. Binti yake anatoka chumbani, anamwamkia, anakaa karibu naye. Wanazungumza kidogo habari za mkaa uliokwisha. Halafu binti anasema: "Mama, tiketi imetoka. Ijumaa." Anakwenda Muscat kufanya kazi za ndani. Mama hajibu. Mikono yake inasimama juu ya mchele, kisha inaendelea.

Kwenye skripti ni ukurasa mmoja na robo. Kwa kuwa ina ukimya mwingi, kwenye skrini itakula kama dakika mbili. Huitumia kila ninapokaa na wanafunzi wa filamu, kwa sababu maswali yao huwa ya kuchagua: shoti ndefu au vipande? Tripodi au mkono? Bumu (maiki ya kwenye fimbo ndefu) au maiki ya kifuani? Wanataka niwaambie kipi ni bora, nami siwezi kabla sijajua sini inataka nini. Ndiyo maana nachukua sini hii moja na kuishuti njia mbili.

Nilikuwa mhariri kabla ya kuanza kuongoza, na meza ya uhariri imenizoesha kuipima kila mbinu kwa swali moja: uamuzi unafanyika lini? Zipo mbinu zinazokulazimisha uamue palepale lokesheni, waigizaji wakiwa mbele yako. Zipo nyingine zinazokuruhusu kuahirisha hadi mezani. Wanafunzi wengi huona kuahirisha ni salama. Mimi nimekaa usiku mwingi na picha za watu walioahirisha kila kitu, na najua bei yake.

Shoti moja au vipande

Tuanze na vipande, kwa kuwa ndivyo vinavyofundishwa kwanza. Unapiga shoti ya jumla inayowaonyesha wote wawili tangu mwanzo hadi mwisho. Unahamisha kamera, unapiga klozapu (picha ya karibu) ya mama, sini nzima tena. Unahamia klozapu ya binti. Unamalizia na mikono kwenye ungo. Kamera imekaa sehemu nne, na ukipiga teki tatu, yaani ukirudia shoti mara tatu, kila sehemu, waigizaji wako wameigiza sini hiyo mara kumi na mbili. Hapo asubuhi imekwisha.

Unachopata ni uhuru. Mezani unaweza kuurefusha ukimya wa mama kwa sekunde mbili ambazo hazikuwepo lokesheni. Unaweza kulitoa neno lililotamkwa vibaya, ukachukua sauti ya teki ya pili ukaiweka chini ya picha ya teki ya tatu. Mwigizaji ambaye hajawahi kuigiza, aliyepatia mara moja kati ya kumi na mbili, ataonekana amepatia sini nzima. Kwa filamu ya kwanza hilo si jambo dogo.

Gharama iko kwenye mwendelezo. Mchele ulio kwenye ungo lazima uwe uleule. Kama mama aliuchambua kweli kwenye shoti ya jumla, kufikia klozapu fungu la chuya limeshakua pembeni, na ukikata kutoka picha moja kwenda nyingine chuya zitatokea na kutoweka. Mtandio wa binti uko bega gani? Alisema "Ijumaa" akiwa ameinama au ameshainua uso? Mpe mtu mmoja kazi hiyo tu, na apige picha kwa simu kila teki inapokwisha.

Uko pia mstari wa nyuzi 180. Chora mstari wa kufikirika kutoka kwa mama hadi kwa binti, kisha kamera zako zote zikae upande mmoja wa mstari huo. Ukivuka, mama na binti wote wawili wataonekana wanatazama upande mmoja wa skrini, na mtazamaji atahisi hawazungumzi wao kwa wao. Yasujirô Ozu wa Japani aliuvunja mstari huu filamu baada ya filamu, lakini fremu zake zilipangwa kwa makini ya kupindukia na kamera yake ilitulia chini, usawa wa mtu aliyekaa sakafuni. Uheshimu kwanza, mpaka utakapokuwa na sababu ya kuuvunja.

Sasa njia ya pili. Kamera inakaa mahali pamoja, inawaona wote wawili, na sini inachezwa mwanzo hadi mwisho bila kukatwa. Nusu siku nzima ni mazoezi. Kushuti kwenyewe ni saa moja. Mwendo wa sini uko mikononi mwa waigizaji: wao ndio wanaoamua ukimya uwe wa urefu gani, na ukishaurekodi ndio huohuo. Hakuna chuya za kutoweka, hakuna mstari wa kuvuka. Ila neno moja likikosewa, teki nzima imekwenda.

Watu husifu shoti ndefu kwa ujasiri wake, mimi naisifu kwa maandalizi. Mwongozaji Alfred Hitchcock alipoipiga filamu ya Rope, iliyotoka mwaka 1948, kasha la filamu ya milimita 35 lilibeba futi 1,000, kama dakika 11 tu, kwa hiyo baadhi ya mikato ilibidi aifiche kwa kuipitisha kamera nyuma ya mgongo wa mwigizaji. Aleksandr Sokurov wa Urusi naye aliipiga filamu ya Russian Ark tarehe 23 Desemba 2001 ndani ya jumba la makumbusho la Hermitage, St. Petersburg, kwa shoti moja isiyokatwa ya takribani dakika 90. Majaribio matatu yalikatika njiani, la nne likafika. Nyuma ya dakika hizo 90 kulikuwa na miezi ya mazoezi. Anayechagua shoti moja kwa sababu amechelewa lokesheni na hana muda wa vipande, amechagua kinyume. Shoti moja ndiyo inayodai muda, isipokuwa inaudai kabla kamera haijawashwa.

Kwa sini yetu, mimi nachagua shoti moja. Kiini chake ni mama kutojibu. Ukikata kwenda klozapu ya uso wake, umemwambia mtazamaji mahali pa kutazama na jinsi ya kuhuzunika. Ukibaki kwenye picha pana, macho ya mtazamaji yatatangatanga kutafuta jibu la mama, na yataikuta mikono yenyewe. Mwongozaji Abderrahmane Sissako anafanya jambo la namna hii katika filamu yake ya Timbuktu ya mwaka 2014. Baada ya mchungaji na mvuvi kugombana mtoni na bunduki kulia, kamera iko mbali sana, mto wote ndani ya fremu: mmoja anayavuka maji akiyumba, na huku nyuma mwingine anajaribu kuinuka. Hakatizi kutuonyesha uso. Umbali ule unauma kuliko klozapu yoyote.

Hata hivyo, ukimaliza shoti ndefu piga moja zaidi: mikono kwenye ungo, sekunde thelathini. Huenda usiitumie. Lakini kama mwanzo wa teki ya tatu ni mzuri na mwisho mzuri uko kwenye teki ya tano, mikono hiyo ndiyo daraja la kukuvusha. Na kama waigizaji wako ni jirani na shangazi ambao hawajawahi kusimama mbele ya kamera, rudi kwenye vipande bila kuona haya. Uigizaji mzuri uliokatwa unashinda shoti ndefu yenye watu wanaokumbuka mistari.

Tripodi au mkono

Hapa siyo lazima tukae sana. Kamera ya mkononi au begani ina pumzi ya mtu. Ndugu wa Dardenne, Wabelgiji, waliikimbiza begani nyuma ya msichana mwenye njaa ya kazi katika Rosetta, filamu iliyochukua Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la Cannes, mwaka 1999, na ikafaa kwa sababu msichana mwenyewe hatulii. Kwenye sini yetu watu wawili wamekaa mkekani. Ikitikisika, ni mwili wa nani unaotikisika? Kama huna jibu, weka tripodi.

Kwa upande mwingine, tripodi sokoni ni shida. Kabla hujaifungua miguu, umeshazungukwa na watoto na watu wazima wanaotazama lenzi. Kwa sini ya Kariakoo ningeshika mkono na lenzi pana, nimalize kabla watu hawajajua. Gimbali, mshikio unaoisawazisha kamera unapotembea, iko katikati, inaelea, haina pumzi ya mtu wala utulivu wa tripodi. Itumie mtu anapotembea na wewe unatembea naye. Kwa watu waliokaa, kuelea huko humfanya mtazamaji asubiri kitu kinachonyemelea.

Mezani, picha iliyotulia unaweza kuiongezea mtikisiko kidogo ukitaka. Iliyotikisika sana programu itakutulizia kwa kukata kingo zake na kuzipinda kuta, na ukuta wa nyumba unaocheza kama maji humtoa mtazamaji ndani ya sini.

Lenzi pana au ndefu, na ukubwa wa chumba

Kamera kuu ya simu nyingi ni pana, sawa na lenzi ya milimita 24 hadi 26 kwenye kamera ya fremu kamili, yaani yenye kihisi cha milimita 36 kwa 24. Mwanafunzi anataka klozapu ya mama, anasogea mpaka nusu mita kutoka usoni, na mama anakuwa na pua kubwa na masikio yaliyokimbilia nyuma. Kisha anailaumu lenzi. Kinachokuza pua ni umbali. Rudi nyuma mita mbili na nusu, tumia milimita 85, na uso unarudi kuwa ule unaoujua. Kwenye kamera yenye kihisi kidogo cha aina ya APS-C, zidisha namba ya lenzi kwa 1.5 au 1.6: milimita 50 itakupa takribani picha ya 75 au 80, nayo inafaa uso vizuri.

Lenzi pana inamweka mtu ndani ya mahali pake. Utauona ungo, ndoo, mlango wa chumba uliofunguka, kandambili za mtu ambaye hayupo. Ndefu inamtoa mtu mahali pake, nyuma yake panakuwa ukungu wa rangi, na walio mbalimbali huonekana wamebanana.

Sasa fikiria nyumba yenyewe. Kwenye nyumba ya Kiswahili ukumbi ni mrefu na mwembamba, vyumba kulia na kushoto, kutoka mlango wa mbele hadi uani. Kwa upana hupati hata mita mbili za kurudi nyuma, lenzi ndefu haiwezekani. Lakini kwa urefu unazo mita nane au kumi. Weka tripodi karibu na mlango wa mbele, tazama kuelekea uani, na milimita 50 itakupa mama na binti chini, kuta mbili zikiwabana, na mwangaza wa uani kwa mbali nyuma yao. Nyumba ndiyo imekuchagulia fremu. Nenda lokesheni ukapime kwa hatua kabla ya kukodi lenzi.

Zumu na kusogeza kamera navyo huchanganywa. Zumu inakuza picha, lakini mama na ukuta wa nyuma wanabaki na uhusiano uleule. Kamera ikisogezwa, hata kwa kuvutwa juu ya kipande cha zulia, mama anajitenga na ukuta, chumba kinabadilika, mtazamaji anahisi amekaribia. Siku hizi kuna kishawishi kingine: kushuti 4K, yaani pikseli 3,840 kwa 2,160, halafu mezani kuikata fremu ibaki nusu ya upana na nusu ya urefu ili kupata klozapu kwenye filamu ya 1,920 kwa 1,080. Nimefanya hivyo kuokoa kazi za watu. Inakupa uso mkubwa, haikupi ukaribu, na punje zinazotokea kwenye picha ya gizani zinakua pamoja na uso. Kama unajua unataka klozapu, sogea ukaipige.

Mwanga wa mlangoni au taa

Mwanga wa mchana ni bure na ni mzuri, ila hautulii. Hapa ndipo uchaguzi wa kwanza unaporudi. Aliyechagua vipande anaanza shoti ya jumla saa mbili asubuhi na kumaliza klozapu ya binti saa tano. Katika saa tatu hizo jua limepanda nyuzi arobaini na kitu, na mstari wa mwanga uliokuwa ukutani umeshuka hadi sakafuni. Mezani, mama yuko asubuhi na binti yuko mchana, wameketi mkeka mmoja. Aliyechagua shoti moja hana tatizo hilo, kila teki ina mwanga wake kamili.

Jioni ni hivyohivyo, hata zaidi. Kwetu karibu na ikweta jua linashuka wima, na baada ya kuzama una dakika ishirini na kitu kabla ya giza. Usipange vipande vinne magharibi. Shoti moja iliyofanyiwa mazoezi alasiri, ndiyo.

Taa zinakupa uthabiti kwa gharama ya umeme, muda na joto. Na zina mtego. Umeme wa Tanzania na Kenya ni wa hezi 50, na taa nyingi za bei nafuu hupepesa mara 100 kwa sekunde bila jicho kuona. Weka kamera fremu 25 kwa sekunde na shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) 1/50 ya sekunde, na mpepeso unatulia. Ukiiacha kwenye fremu 30 na 1/60, kama kamera nyingi zinavyotoka kiwandani, mistari ya giza itapanda na kushuka ukutani sini nzima, na mezani hakuna anayeiondoa vizuri.

Vyovyote utakavyochagua, pima mwanga kwenye uso wa mama. Kamera ikiachwa ijipime yenyewe itaushika mwangaza wa uani nyuma yake, na uso wake mweusi utakuwa kivuli. Funga upimaji kwenye ngozi, acha uani uwake, kisha punguza kwa kutundika shuka kwenye mlango wa nyuma nje ya fremu. Rudisha mwanga usoni kwa shuka jeupe au ubao mweupe upande wa pili. Tazama pia rangi ya ukuta. Nyumba nyingi zimepakwa rangi ya mafuta nusu ya chini, kijani au buluu, na mama aliyekaa mkekani yuko usawa wa nusu hiyo hasa. Rangi ile inang'aa, inaruka shavuni. Ubao mweupe kati yake na ukuta unatibu.

Bumu au maiki ya kifuani

Miaka kadhaa iliyopita nililetewa filamu fupi nihariri. Picha zilikuwa nzuri sana. Maiki ya mama ilikuwa imefichwa kwenye fundo la kanga, na kila alipovuta pumzi kanga ilisugua maiki, kwaru, kwaru, juu ya kila neno. Tulimwita arekodi sauti upya miezi mitatu baadaye. Alikuwa na mafua, na zaidi ya hayo alikuwa ameshaisahau huzuni ile. Maneno yalikuwa yaleyale, mama alikuwa mwingine.

Kurekodi baadaye si dhambi. Filamu ya La Noire de... ya Ousmane Sembène wa Senegal, ya mwaka 1966, iliwekewa sauti baada ya kushutiwa, na sauti ya mhusika mkuu, aliyeigizwa na Mbissine Thérèse Diop, ni ya Toto Bissainthe. Lakini pale sauti ile ni ya mawazo ya mtu aliye peke yake, haihitaji kulingana na chumba wala midomo. Sini yetu inahitaji chumba.

Bumu inayoning'inia sentimita 40 juu ya kichwa inasikia sauti ya mtu na chumba chake, na inausikia mchele. Inahitaji mtu wa kuishika, mikono iliyozoea, na kimya. Zima friji, na funguo za gari au pikipiki yako uziache ndani ya friji hiyo ili usiondoke bila kuiwasha tena. Jua saa za adhana kwenye msikiti wa jirani na upange teki kati yake. Mvua ikianza kwenye bati, pumzika.

Maiki ya kifuani haijali kamera iko mbali kiasi gani. Inamchukua mtu mmoja, karibu, na kukiacha chumba nje. Ukilazimika kuitumia juu ya kanga, ibandike kwa tepu ya kitambaa juu na chini ili nguo isisugue, nayo waya iwe na kitanzi. Kisha vaa hedifoni usikilize mama akiinama na kuinuka. Usikubali kuambiwa "iko sawa" na mtu aliyetazama mishale ya kipimo cha sauti tu.

Na hapa shoti yangu pana inanidai. Fremu inaonyesha ukumbi wote hadi karibu na dari, bumu haiwezi kushuka bila kuonekana. Kwa hiyo naficha maiki moja nyuma ya ndoo, upande usioonekana, na nyingine ndogo chini ya ukingo wa mkeka. Maneno yatatosha. Mchele hautatosha, nao ndio ninaouhitaji kuliko maneno, kwa kuwa mtazamaji atajua mikono imesimama pale sauti yake itakapokatika.

Kwa hiyo picha zikishakamilika na kabla nyaya hazijakunjwa, naomba kila mtu abaki alipo. Tunarekodi dakika moja ya ukumbi mtupu. Halafu mama anakaa tena mkekani, kamera zimezimwa, bumu iko sentimita 20 juu ya ungo, na anachagua mchele kwa dakika mbili. Namwomba aisimamishe mikono katikati, ahesabu hadi sita kimoyomoyo, kisha aendelee.